Mwezi Umeingia Ghorofa ya Sita

Jirani yangu wa juu hakuwa mtu wa kubisha hodi kwa vidole. Alishuka na mwiko, na kwa mwiko huo aliugonga mlango wangu mpaka mbwa wa ghorofa ya nne akaanza kubweka. Ukifungua ungemkuta amesimama pale kwenye ngazi, mfupi, nywele nyekundu kwa hina, mkono mmoja mwiko, mkono wa pili sahani ya biskuti za duara zilizonyunyiziwa ufuta, bado zina moto wa jiko.

"Mwajuma! Weye unalala? Mwezi imeingia! Hodesh tov!"

Hiyo ni salamu ya Wayahudi kwa mwezi mpya. Wanatakiana mwezi mwema. Mimi mara nyingi nilikuwa nimetoka tu kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Koekelberg, miguu imevimba, nguo za kazi bado mwilini.

"Mwezi gani tena, Maman?"

"Kislev!" au "Shevat!" au "Iyar!" Alilitaja jina kana kwamba ni la mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa Zaventem asubuhi ile, yuko chini kwenye lango na masanduku yake, na sisi tumekaa tu hatujashuka kumpokea.

Jengo letu liko Ganshoren, pembezoni mwa Brussels, mahali ambapo watu hufunga mapazia mapema na kusalimiana kwa kutikisa kichwa. Katika jengo kama hilo, mwanamke mzee mwenye kupiga milango kwa mwiko ni jambo la kujadiliwa kwenye kikao cha wapangaji. Lilijadiliwa. Alihudhuria kikao hicho na biskuti, na hakuna aliyelitaja tena.

Tulivyojuana ni aibu kusimulia, lakini nitasimulia. Nilikuwa kwenye lifti na simu sikioni, naongea na dada yangu aliyeko Bujumbura, tunamchambua shemeji yetu. Nilisema yote, kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha mtaa wa Buyenzi, nikijua kwamba yule mzungu mzee aliyesimama pembeni na mfuko wake wa vitunguu haelewi neno. Tulipofika ghorofa ya tano na mlango kufunguka, akanigusa kiwiko.

"Ambia dada yako amuache ule bwana," akasema. "Hatabadirika."

Nilibaki ukutani kama nimepigiliwa msumari. Kumbe alikulia Lubumbashi, katika duka la vitambaa la wazazi wake, na Kiswahili alikijua kabla hajajua Kifaransa vizuri. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Shikamoo, bibi, nisamehe." Akanikata jicho.

"Bibi ya nani? Bwana yangu alishakufa, na sitafute ingine."

Kwetu bibi ni mama mzazi wa mama au baba. Kwao Lubumbashi ni mke wa mtu. Tulicheka mpaka lifti ikafunga mlango na kutupeleka sita. Tangu siku ile nikamwita Maman, kama jengo zima lilivyomwita, na yeye akaanza kushuka na mwiko.

Siku ya kwanza ya mwezi inaitwa Rosh Hodesh, kichwa cha mwezi, na kwa wanawake wa kwao ni siku ya kuweka chini kazi. Hafui, hashoni. Lakini yeye alikuwa ameongeza sheria yake mwenyewe: kila mwezi mpya lazima aanze kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani. Rabi wake alimwambia kwamba sheria hiyo haimo popote.

"Nilimuambia, bon, andika sasa," aliniambia.

Basi alianza! Alianza kuogelea katika baridi kali, kwenye bwawa la manispaa, na kofia ya mpira yenye maua. Aliniburuta niende kumtazama. Wiki nzima alishikilia ukingo na kupiga kelele kwamba maji yanamvuta mguu. Halafu asubuhi moja akaachia. Akaelea chali, mikono wazi, akaanza kuimba humo majini, na mwalimu wa kuogelea akapuliza filimbi akidhani anazama. Alianza baiskeli kwenye bustani iliyo mbele ya basilika ya Koekelberg, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mti na kuvunjika kifundo cha mkono. Nilipomkimbilia alikuwa amekaa kwenye nyasi, gurudumu bado linazunguka.

"Umeona? Nimeendesha! Ni mti njo ilikosea."

Alianza Kiflamandi, kwa sababu alitaka kugombana na karani wa manispaa kwa lugha zote mbili za mji. Alianza piano ya kuazima, na sisi wa ghorofa ya tano tulimshukuru Mungu mwezi ulipokwisha. Maana kumaliza hakukuwa kazi yake. Vitu vingi aliviacha katikati bila huzuni yoyote, kama mtu aliyeshuka kituo alichotaka. Kuogelea ndiko kulikobaki.

Na mwanamke huyo wa mambo mapya alikuwa mgumu kama jiwe kwa mambo madogo. Alinywa kahawa katika kikombe kisicho na mkono, na ukimletea kingine alikirudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti cha karibu na dirisha. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimkamata alikasirika yeye. Watoto wakilia kwenye lifti alisonya. Kisha walipofika chini aliwapa biskuti na kuwafuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Jambo moja lilituumiza sisi tuliompenda, nalo lilikuwa Kiswahili chake. Alikijua kama kilivyokuwa kinasemwa zamani dukani na jikoni kwao, kwa watumishi. Kilikuwa Kiswahili cha amri tupu. Leta. Weka pale. Kuja hapa. Mimi nilikuwa nimezoea, nikajiambia ni uzee. Lakini ghorofa ya pili alihamia Maman Espérance, Mkongo kutoka Bukavu, mjane, mshonaji wa mavazi ya harusi, mwanamke mrefu ambaye hakuzoea kuinamisha shingo. Siku ya kwanza walipokutana kwenye lango, jirani yangu akampa mifuko yake ya sokoni.

"Beba hii. Funga mulango."

Espérance aliichukua mifuko, akaiweka chini taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, mi siko boyi yako," akasema. "Ukitaka nikusaidie, uniombe. Kama hauwezi kuomba, donc utapandisha mwenyewe mifuko yako."

Akaondoka. Nilikuwa nimesimama kwenye masanduku ya barua na nilitamani sakafu inimeze. Jirani alikuwa mwekundu kupita nywele zake. Jioni hakushuka. Kesho yake pia hakushuka. Nikadhani amenuna, nami nikajitayarisha kumtetea kwa Espérance, ingawa sikujua ningesema nini.

Mwezi wa Heshvan ukaingia. Ni mwezi usio na sikukuu hata moja kwao, na wengine huuona mchungu kwa sababu hiyo, lakini jirani alikuwa akisema unaonewa bure. Siku hiyo sikusikia mwiko mlangoni kwangu. Niliusikia chini, mbali, ghorofa ya pili, tena kwa adabu. Nikashuka ngazi mbio. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Espérance na sahani.

"Nimekuja kuanza kitu," akamwambia. "Miaka yote hii, hii Kiswahili yangu, hakuna mutu alinifundisha kusema tafadhali. Ao walinifundisha, sikusikia. Nakuomba unifundishe."

Nilisikia cherehani ya Espérance nyuma ikiwa bado inanguruma, alikuwa ameiacha bila kuizima. Espérance akasogea pembeni.

"Ingia, mama. Lakini kiti utajitafutia."

Mwezi mzima alikuwa akishuka kujifunza. Aliyarudia maneno jikoni kwa Espérance kama mtoto wa shule: tafadhali unipatie, naomba unisaidie, pole na kazi. Akikosea, Espérance alipiga meza kwa rula ya kushonea. Wakawa marafiki wa kugombana kila siku, na ndio urafiki alioupenda kuliko wote.

Mimi na yeye tulikuwa na ugomvi wetu pia, wa mwezi wenyewe. Mimi ni Mwislamu, na nimekulia mtaa ambao watu wazima hutoka nje kuutazama mwezi mwandamo, wanaonyeshana kwa vidole, na ukionekana mtaa mzima unalipuka kwa shangwe. Kwao mwezi umeshahesabiwa na kuchapwa kwenye kalenda ya jikoni. Kwa hiyo alinitangulia karibu kila mara. Mimi nasubiri kuona, yeye ameshapika. Tulisimama kwenye roshani yake magharibi, tunatafuta ule uzi mwembamba upande jua linakozama, na mbele yetu, kama kawaida ya Brussels, mawingu matupu.

"Huuoni, Maman. Hakuna mwezi."

"Iko. Kuona ni kitu ingine."

Alipenda kunichokoza kuhusu Ramadhani yetu inayohama, mara jua kali, mara theluji. "Inatembea-tembea kama mutu hana adresse," alisema. Wao, miaka fulani, huongeza mwezi mzima ili sikukuu zisitoke kwenye majira yake, na mwezi unaorudiwa ni Adar, ule ambao wameamriwa waongeze furaha. Mwaka wa Adar mbili alikuwa hashikiki. "Double!" alinipigia kelele kutoka ghorofani, kichwa nje ya dirisha. "Mwajuma, mwaka huu iko double!"

Nisiseme kwamba alikuwa akicheka tu. Ulikuwepo mwezi mmoja, katikati ya kiangazi, ambao alinigongea kwa mkono, akaniambia jina lake, Av, na hakuleta sahani. Siku za mwanzo za mwezi huo alishusha mapazia, akakaa chini sakafuni, na redio ilinyamaza. Mwaka wa kwanza nilidhani anaumwa. Nikapanda na supu. Aliinywa yote, kisha akaniambia kwamba wazazi wake walitoka katika kisiwa kimoja upande wa Ugiriki, na ndugu waliobaki kule walichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita kwa meli, mashangazi, binamu, watoto wadogo, katika mwezi huu huu, na hawakurudi. Aliyataja majina yao kwa mpangilio, polepole. Nilikaa naye chini mpaka alipomaliza majina.

Mwezi uliofuata, Elul, ulipoingia, mwiko ulinirusha kitandani.

Mume wangu alifariki majira ya baridi, baada ya kuugua muda mrefu. Watu walijaa, wa Bujumbura, wa Kongo, wenzangu wa kazini. Jirani aliteremka na mayai ya kuchemsha, maana kwao mfiwa hulishwa mayai, akakaa kwenye mkeka pamoja nasi na magoti yake yale mabovu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa ushauri wowote. Nilipotoka eda, akarudia kunigongea kila mwezi. Nilipokea biskuti mlangoni, nikashukuru, nikafunga. Sikuwa nazila. Nilikuwa naenda kazini, narudi, nalala na taa imewaka.

Tena kulikuwa na kitu alichokijua juu yangu. Buyenzi nilikuwa mwimbaji. Nilikuwa katika kikundi cha wanawake wa kupiga dufu na kuimba kwenye maharusi, na hata hapa Brussels nilikuwa nikiimba, kwenye kumbi za Molenbeek, kila Jumamosi, mume wangu ananisubiri nje na gari. Alipokufa niliacha. Dufu lilikuwa juu ya kabati.

Mwaka uliofuata, Adar ilipokaribia, jirani alishuka na kukaa kwenye sofa langu.

"Nafanya fête ya wanawake kwangu," akasema. "Nakuomba uimbe."

"Siwezi, Maman."

"Unaweza."

"Usinilazimishe furaha!" Nilimpandishia sauti, na kabla ya hapo sikuwahi kumpandishia mtu mzima sauti. "Kwako ni rahisi. Kalenda inakwambia cheka, unacheka."

Nilidhani atanyanyuka aende. Akaanza kukunjua-kunjua kitambaa chake cha mkononi.

"Hapana rahisi," akasema. "Unafikiri ile watu ya Av inatoka kichwani juu Adar imefika? Haitoke. Nikipika, iko. Nikiogelea, iko. Lakini Adar nayo inakuja kila mwaka, inasimama kwa mulango. Nifanye nini, niifukuze? Na weye, sikulazimishe, Mwajuma. Nakuomba. Nilijifunza kuomba kwa kazi mingi sana, unajua."

Nilicheka. Nililia pia, lakini kwanza nilicheka.

Siku ya karamu nilipanda na dufu limefungwa kwenye kanga, kama mtu anayeficha. Sebule ilikuwa imejaa: wanawake wa sinagogi lao waliokuja kutoka upande wa pili wa mji, wengine wamejipaka rangi usoni, maana sikukuu ya Adar kwao ni ya kujigeuza sura, Espérance amevaa gauni la harusi ambalo mteja wake hakulifuata, meza imepinda kwa vyakula. Jirani alikuwa amejivika taji la karatasi na masharubu ya mkaa. Alinitengea kiti cha karibu na dirisha. Kile kile! Sebule nzima iliona.

Nikakaa. Nikaanza chinichini, wimbo wa kumtoa bibi harusi. Sauti ilitoka na kutu, ikakatika ubeti wa kwanza, nikameza mate, nikarudia. Mara ya pili haikukatika. Nilisikia mtu anapokea pigo la dufu nyuma yangu: Espérance, na kifuniko cha sufuria. Wakaitikia wale wanawake wa sinagogi, bila kujua neno hata moja, kwa makofi tu, halafu kwa vigelegele, kwa sababu kumbe na wao wanapiga vigelegele! Vilinipanda mgongoni kama maji ya moto. Nilisimama. Sikumbuki nilisimamaje. Jirani alikuwa katikati, anazunguka, taji limeanguka, masharubu yamesambaa shavuni, anapiga kelele, "Nguvu! Nguvu!" Mwenye yule mbwa wa ghorofa ya nne alipanda kulalamika, mbwa kwapani. Walimwingiza ndani, na baada ya muda nikamwona anacheza na Espérance, na mbwa amevaa lile taji.

Jumamosi iliyofuata nilipigiwa simu na watu wa harusi Molenbeek. Nikaenda.

Sasa haishi tena juu yangu. Moyo wake ulianza kuchoka, na binti yake akamchukua kwake Ixelles, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Ghorofa ya sita wamehamia vijana wawili wapole sana. Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa masika haya, mwezi wa Nisan ulipoingia. Nilimkuta ameshavaa koti, amekaa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya ukumbi, mkoba mapajani.

"Umechelewa. Tutafute mti."

Nisan, alinieleza nikimsukuma, ni mwezi wa kutazama mti wa matunda uliochanua na kuusomea baraka, mara moja tu kwa mwaka. Nilimpeleka mtaa wenye miti ya cheri iliyochanua rangi ya waridi pande zote mbili, watu wamesimama wanapiga picha. Akaitazama na kukunja pua.

"Hii haizae. Hii ni mapambo. Sukuma."

Tulikwenda barabara hadi barabara, kutoka Chaussée d'Ixelles tukaingia vichochoro, basi likatupigia honi, tukapita migahawa ya Matonge, mtaa wa Wakongo, ambako akataka kusalimia kila mtu. Miti ilikuwa mingi, matunda hakuna. Nilishaanza kutafuta njia ya kumshawishi turudi. Ndipo akanyoosha kidole: juu ya ukuta wa matofali lilichungulia tawi jeupe.

"Ile ni peari. Gonga."

Alifungua mwanaume wa makamo, kitambaa cha jikoni begani. Jirani akamwomba, kwa Kifaransa chake kizuri, amruhusu auone mti wake.

"Kwa nini, madame?"

"Niushukuru."

Mtu yule akatutazama, akasogea. Lakini ukumbi wake ulikuwa mwembamba, umejaa baiskeli, kiti hakipiti. Daktari alikuwa amemkataza kutembea. Nilimkumbusha. Alikuwa ameshasimama. Alikwenda hatua moja moja, kiganja hiki ukutani, kiganja kile kwenye usukani wa baiskeli, mimi nyuma yake mikono wazi, na kila baada ya hatua namsikia anavuta pumzi kama anapanda mlima.

Bustani ilikuwa ndogo kama mkeka. Mti ulikuwa mmoja, umechanua wote, mweupe mpaka unaumiza macho, na nyuki wanauvuma. Akashika shina. Akasoma Kiebrania chake kwa sauti ya juu, bila haraka. Kisha akanigeukia.

"Nasema aksanti kwa Mungu, juu dunia yake haikose kitu."

Nilimfikiria mume wangu. Nilifikiria na yale majina Maman aliyonitajia sakafuni, na midomo yake iliyokuwa imeanza kuwa ya buluu.

"Haikosi kitu, Maman? Kweli?"

Alitazama juu kwenye matawi, kifua kinapanda na kushuka.

"Inakosa," akasema. "Lakini hapa, sasa, angalia vizuri. Inakosa nini?"

Nikaangalia. Petali zilikuwa zinamwangukia mabegani. Nikasema amina, neno ambalo dini zetu hazigombanii.

Akamgeukia mwenye nyumba na kumwuliza peari zinaiva lini.

"Septemba, madame."

"Elul," akaniambia, macho yanawaka. "Ao Tishri. Bwana, tafadhali usizichume zote. Tutakuja na kikapu."

Yule mtu alitazama ukumbi wake, akamtazama jirani yangu aliyeegemea mti, kisha akaenda kuzibeba zile baiskeli, moja baada ya nyingine, na kuzipandisha ghorofani.